Kitako cha Gorogoro

Mwaka jana nililipwa kuandika kuhusu maganda ya risasi. Mteja alikuwa Marekani, mimi nilikuwa kwenye keja yangu Tuwani, Kitale, na stima ya kubahatisha. Alitaka maneno elfu mbili kwa siku mbili: kwa nini maganda ya bunduki za shabaha lazima yalingane, na mtu anayejijazia risasi zake nyumbani ayachambue vipi. Sijawahi kushika bunduki. Hapa kwetu kukutwa na risasi moja tu bila leseni ni kesi, sembuse kuzijaza jikoni. Lakini kazi hii ya kuandikia watu haiulizi umeshika nini. Tangu niache chuo nimekuwa nesi wa Kanada, wakili wa talaka wa Texas na mzee wa miaka sitini anayefuga nyuki. Kodi ilikuwa imefika. Nikasema poa.

Nilidhani nitaandika tu nimalize, nisisikie chochote. Badala yake nikajikuta nawapenda hao watu.

Wengi wao ni wastaafu au mafundi. Jioni mtu anakaa mezani na sanduku la maganda yaliyokwisha kupigwa, anayapima moja moja. Ganda lenyewe ni kikopo cha shaba ya manjano, asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Ndani kuna baruti, kitakoni kuna fataki ya kuiwasha, mdomoni imebanwa risasi. Ukipiga, risasi inaenda zake, ganda linabaki. Sisi wengine tunaona limekufa. Wao wanaliokota, wanalisafisha, wanang'oa fataki iliyoungua, wanalibana kwenye kalibu ya chuma lirudi umbo lake, wanapunguza urefu uliozidi, kisha wanalijaza upya.

Shida ni kwamba maganda mia moja ya kiwanda kimoja hayafanani. Moja lina ukuta mnene kidogo kuliko jingine. Kwa nje yote yanaingia kwenye chemba ileile ya bunduki, kwa hiyo unene ukizidi unakula nafasi ya ndani. Nafasi ikipungua, baruti ileile inasukuma kwa shinikizo kubwa zaidi na risasi inatoka na mbio zaidi. Kwa mita 100 huoni kitu. Kwa mita 1,000, tofauti ya mita tisa kwa sekunde inaweza kuitua risasi karibu futi nzima juu au chini ya pale ulipokusudia. Kosa lilikuwepo tangu mwanzo, ila lilihitaji umbali ili lionekane.

Ndiyo maana wanapima kwa greni, kipimo kilichopewa jina la punje ya nafaka. Greni 15 na ushee hufanya gramu moja. Mimi ni mtoto wa Trans Nzoia, nikaelewa haraka: punje moja ya mahindi ina greni nne au tano hivi. Hawa wazee wanagombania sehemu ya kumi ya greni. Chukua punje moja, igawe mara arobaini, hapo ndipo ugomvi wao ulipo. Niliwaza juu ya kila kazi niliyowahi kuifanya nusunusu nikaona aibu.

Kulikuwa na mambo matatu ambayo sikuyategemea.

La kwanza: hakuna uzito sahihi. Mtu anapochambua maganda hatafuti yale mazuri na kutupa mabaya. Anatafuta yanayofanana. Yale mazito yanakaa na mazito wenzake, mepesi na mepesi wenzake, na kila kundi linapiga vizuri likiwa peke yake. Ganda lililobaki bila kundi halitupwi, linatumika kwa mazoezi.

La pili: uzito wenyewe unaweza kudanganya. Shaba iliyozidi huenda ipo kwenye kitako, mahali ambapo haigusi nafasi ya ndani. Unaweza kuliondoa ganda kwenye kundi kwa kosa ambalo halina maana yoyote. Wale wakali zaidi hawaamini uzito, wanajaza ganda maji na kupima maji yaliyoingia, kwa sababu kinachotakiwa kujulikana ni nafasi. Uzito ni njia ya mkato tu, unatumika kwa kuwa ni rahisi.

La tatu: kabla ya kupima ganda la kwanza, unaipima mizani. Unaweka juu yake jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Mizani ikisema kitu kingine, usiku huo hufanyi kazi.

Niliandika hayo yote kwa sauti ya mzee wa Montana. Na wakati wote huo, dirishani mwangu, juu ya chaja ya simu, kulikuwa na ganda la kweli.

*

Lilikuja na binamu yangu mwaka 2008, kwenye mfuko wa kaptula. Alikuwa na miaka saba, mimi tisa. Yeye na mama yake, ambaye ni senge wangu, yaani dada ya baba, walikuwa wametoka upande wa Cheptais, Mlima Elgon, wakiwa na godoro moja na sufuria mbili. Mume wa senge hakuwa nao. Binamu alitufundisha kupuliza mdomo wa ganda likalia kama filimbi. Tulikuwa na maganda mawili, na yalitoa mlio mmoja kabisa, hata ungefumba macho usingeyatofautisha. Senge aliposikia ule mlio aliyachukua yote mawili bila kusema neno. Moja nililiiba tena miaka mingi baadaye.

Kwa wale ambao wakati huo walikuwa wadogo au mbali: Mlima Elgon kulikuwa na vita. Mzizi wake ulikuwa ardhi, hasa ugawaji wa mashamba ya Chebyuk. Kundi lililojiita SLDF lilichukua silaha, likaua, likakata watu masikio, likatoza kodi. Human Rights Watch, katika ripoti yao ya Julai 2008, walisema kundi hilo lilikuwa limeua zaidi ya watu 600 tangu 2006. Machi 2008 serikali ikaleta jeshi, operesheni ikaitwa Okoa Maisha. Ripoti hiyohiyo inaeleza jinsi wanaume na wavulana walivyokusanywa kwa wingi na kupelekwa kambi ya Kapkota. Huko walipitishwa mbele ya watoa habari, nao wakaonyesha nani ni nani. Wengi waliteswa. Wengine hawakuonekana tena.

Sasa rudi kwenye meza ya yule mzee wa Montana. Hata pale Kapkota kulikuwa na uchambuzi. Watu walipangwa mstari, wakapita mmoja mmoja, wakatengwa kwa makundi. Lakini hakuna aliyeweka jiwe kwenye mizani. Yule mtoa habari, je, alikuwa na deni na jirani? Alikuwa anaogopa? Aliahidiwa nini? Mzee wa Montana hangekubali kuchambua shaba kwa mizani ya namna hiyo. Nilikaa na wazo hilo usiku mzima: kwamba kuna mtu mahali fulani anayefanyia kikopo cha shaba uangalifu ambao watu wa nyumbani kwetu hawakuupata.

*

Ganda lina kitu kingine, chapa kwenye kitako. Herufi na namba zinazoonyesha kiwanda, mara nyingi na mwaka. Kwa wapenda shabaha hiyo ni hatua ya kwanza ya kuchambua: chapa moja, kundi moja. Kwa watafiti ni ushahidi. Kenya ina kiwanda chake cha risasi, Kenya Ordnance Factories Corporation, kilichoanzishwa 1997 pale Eldoret, safari fupi ya matatu kutoka Kitale. Mwaka 2008 Small Arms Survey, watafiti wa Geneva, walichapisha uchunguzi kuhusu risasi zilizokuwa mikononi mwa raia Turkana Kaskazini. Walisoma vitako. Walihitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka huko kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya wenyewe.

Mfikirie mfanyakazi wa kiwanda chochote cha risasi. Tuseme ni mama wa watoto watatu, anakagua maganda. Anayaondoa yenye ufa, yenye mdomo uliopinda. Anafanya kazi yake vizuri sana. Ubora wa kazi yake unasafiri na kila ganda, hadi kwenye bunduki ambayo hakuikusudia na mwili ambao hakuufahamu. Je, wema wa kazi yake ni wema?

Jibu rahisi ni kwamba kifaa hakina dhambi, mwenye dhambi ni anayekitumia. Sikubaliani nalo kabisa, na pia sikubaliani na kinyume chake, kwamba yule mama ana damu mikononi. Nadhani tunachanganya vitu viwili. Ulinganifu unatuambia kazi imefanywa ilivyokusudiwa. Hauwezi kutuambia kama kusudi lenyewe lilifaa. Maganda yangu mawili yalitoa mlio mmoja kabisa, na mlio huo haukusema chochote kuhusu yalikopigwa wala aliyepigwa.

La ajabu ni jinsi tunavyosahau hili haraka tukihama kutoka kwenye shaba kwenda kwa watu. Tunamsifu mtu kwa kuwa na msimamo, bila kuuliza amesimama wapi. Tunamkamata mtu kwa kujipinga, bila kuuliza ni nini kilimfanya ajipinge.

*

Baada ya vita kulikuja fomu. Senge alizijaza nyingi: za machifu, za mashirika, za watu waliokuja na kalamu na soda. Mara ya mwisho alienda kwenye ofisi moja mjini Bungoma, sitaitaja, nikiwa naye kwa sababu macho yake hayaoni maandishi madogo. Karani alikuwa na faili lenye maelezo yake ya zamani. Akamsikiliza, kisha akaanza kulinganisha. Mama, hapa ulisema ilikuwa Jumanne, leo umesema siku ya soko. Hapa ulisema waliomchukua mume wako walikuwa askari. Hapa tena ulisema vijana. Hapa ulisema alikuwa na koti la kijani. Maelezo yako hayalingani.

Senge alinyamaza. Tulipotoka nje aliniambia, "Nimeanguka mtihani kama wewe," tukacheka, kwa sababu ungefanya nini.

Kwenye matatu ya kurudi Kitale nilimuuliza taratibu: senge, walikuwa nani? Akaniambia, "Inategemea aliyekuwa akiniuliza." Alipohojiwa mara ya kwanza, mbele ya watu waliovaa sare, alisema vijana. Alipohojiwa kanisani, ambapo alijua kuna mama wa mmoja wa vijana hao amekaa benchi ya nyuma, alisema askari. Wenyewe walikuja usiku wakiwa wamevaa sare, na sare zilikuwa na pande zote mbili. Alichokijua kwa hakika ni kwamba kila jibu lilikuwa na bei, na bei ilibadilika kulingana na chumba.

Nilikumbuka jambo hili nilipokuwa nikiandikia mteja. Ganda likipigwa, moto unalitanua hadi linachukua umbo la chemba iliyolizunguka. Ukiliingiza kwenye bunduki nyingine ya aina ileile linaweza kukataa kuingia. Ganda halina kasoro, ila limebeba umbo la mahali lilipolipukia. Maelezo ya senge yalikuwa hivyo. Kila mara yalichukua umbo la chumba yalimotolewa, na karani akayaleta kwenye chumba chake, akaona hayaingii.

Nilipomsimulia rafiki yangu anayesomea sheria alinipinga, na alinipinga vizuri. Alisema: bila kulinganisha maelezo, kila mwongo atalipwa. Halafu akaongeza jambo lililonikaa: wale walioonyeshwa kidole Kapkota, ni nini kingewaokoa? Kingewaokoa hichohicho, mtu wa kuwauliza watoa habari maswali mara mbili na kukamata mahali wanapojipinga. Ukiliondoa swali la ulinganifu umemvua asiye na hatia nguo yake ya mwisho.

Ana haki. Sitaki dunia ambamo mtu anasema lolote na kuaminiwa. Lakini rudi tena kwenye ile meza, na yale mambo matatu. Kwanza, uzito unaweza kudanganya: tofauti inaweza kuwa kwenye kitako. Siku ya wiki na rangi ya koti ni uzito wa kitako. Zinapimika kwa urahisi, ndiyo maana fomu inazipenda, lakini haziigusi nafasi ya ndani. Pili, kuna jambo moja ambalo senge hajawahi kulibadilisha, na nimemsikia akilisimulia tangu nina miaka tisa: mume wake alikuwa anakunywa chai, akaitwa nje, akafunika kikombe kwa kisahani ili isipoe. Jikoni, kanisani, kwenye matatu, kisahani kipo palepale. Kama karani angetaka kujaza maji na kupima, angeanzia hapo. Fomu haikuwa na nafasi ya kisahani.

Na jambo la mwisho ni lile la jiwe. Karani alimpima senge. Nani alikuwa amempima karani? Alikuwa ameuliza wangapi maswali hayohayo kwa namna ileile? Mwenye faili jembamba la maelezo mamoja, aliyehojiwa mara moja tu na watu wapole, alilinganishwa na nini? Anayesimulia mara moja hawezi kujipinga. Senge alisimulia mara tano kwa sababu mara nne za kwanza hakuna aliyefanya kitu, kisha mara ya tano akaadhibiwa kwa zile nne.

Ndipo nilipofika, na sijui kama ni falsafa au hasira. Ulinganifu ni deni la mizani. Tunaweza kuidai mizani iwe ileile leo na kesho, kwa mwenye sare na kwa mwenye leso. Neno letu uadilifu lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake una maana ya usawa, pande mbili za mizani zikikaa sawa. Kwangu usawa huo haumtaki mtu awe sawa na mwenzake, wala sawa na yeye mwenyewe wa jana. Unataka mkono ulioshika mizani usitetemeke. Tumegeuza: mizani zetu zinayumba zinavyotaka, halafu tunawadai watu waliotoroka usiku na godoro moja wawe shaba.

Natamani ningesema mimi niko nje ya lawama hii. Lakini nimesoma maelezo ya watu mitandaoni, wasichana hasa, nikatafuta kwanza mahali ambapo hayalingani. Nilijiona makini. Kumbe nilikuwa nimeshika kipimo ambacho sijawahi kukikagua.

*

Makala ilikwenda. Hatua ya kwanza niliyoiandika, kabla ya kalibu na kabla ya baruti, ilikuwa: weka jiwe kwenye mizani. Mteja alifurahi, akalipa, akauliza kama naweza kuandika nyingine kuhusu jinsi ya kulainisha shingo za maganda kwa moto. Maana shaba inayobanwa na kupigwa mara nyingi inakuwa ngumu, na ikikosa kupashwa moto ilainike, mwisho inapasuka. Nilimwambia nitafikiria.

Nilimtumia senge sehemu ya hizo doo, akapiga simu kushukuru. Akataka kujua safari hii nimeandika nini. Sikutaka kumtajia risasi. Nikamwambia nimeandika kuhusu vipimo, jinsi watu fulani huko nje wanavyokagua mizani kabla ya kupima chochote.

"Hiyo nayo wanalipwa kuambiwa?" akacheka. Senge ananunua mahindi sokoni kwa gorogoro, na wewe kama umekulia huku unajua ule mchezo: muuzaji anagonga kitako cha mkebe kiingie ndani, nje unaonekana uleule, ndani punje zimepungua. "Mimi mahindi siangalii kwanza. Mimi nikifika namwambia, geuza hiyo gorogoro nione kitako."